Mtaji wa kwenye karatasi na mtaji uliopo: jinsi ya kuipima afya ya benki ndogo

Mtu akitaka kujua kama benki yake ndogo ni salama, kwa kawaida huanza na maswali mepesi. Ipo tangu lini? Meneja ni nani? Mwaka jana ilipata faida? Si maswali mabaya, ila yote matatu yanaweza kupata majibu ya kufurahisha kutoka kwa benki iliyobakiza miezi sita kufungwa. Faida ndiyo inayopotosha zaidi. Benki ikitoa mkopo wa miaka mitano kwa mtu asiyeweza kuulipa, riba ya miezi ya mwanzo huingia vitabuni kama mapato, ofisa aliyeutoa anapata bonasi yake, na shimo linakuja kuonekana mwaka wa tatu, pengine yeye akiwa ameshahamia kwingine.

Swali lenye uzito ni jingine: hasara ikija, nani ataibeba kabla haijamfikia mwenye amana, na anaweza kubeba kiasi gani? Anayebeba kwanza ni mwenye hisa, na uwezo wake huo ndio unaoitwa mtaji. Kazi kubwa ya kuipima benki ni kuupima mtaji, kisha kuutilia shaka. Ule ulioandikwa kwenye taarifa ya fedha na ule uliopo kweli mara nyingi havilingani, na pengo lililo kati yao ndilo linalozifunga benki.

Taarifa zenyewe si siri. Katika nchi nyingi sheria inaitaka kila benki, hata yenye tawi moja, itangaze hesabu zake kila robo mwaka na zile zilizokaguliwa kila mwaka: kwenye tovuti yake, gazetini, au kwa karatasi iliyobandikwa ukutani ambayo hakuna anayeisoma akiwa kwenye foleni. Iwapo benki yako haitangazi, au inachelewa kila robo na kila robo ina sababu mpya, unaweza kuishia hapo. Jibu umeshalipata.

Tuisome mizania moja kwa karibu

Jambo la kwanza linalowachanganya watu ni kwamba kwenye benki mambo yamegeuzwa. Fedha uliyoweka, ambayo kwako ni mali, kwa benki ni deni, maana inapaswa kukurudishia. Mkopo uliochukua, ambao kwako ni deni, kwa benki ni mali. Ukilishika hilo, mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya benki, inasomeka.

Nimebuni benki ndogo ya mfano. Tarakimu zake zichukue kama milioni za sarafu yoyote. Upande wa mali una 1,000: mikopo 650, hatifungani za serikali (karatasi za deni ambazo serikali huuza ili ikope) 200, fedha taslimu pamoja na salio lake benki kuu 100, na 50 ya majengo, kompyuta na mengineyo. Upande wa pili una amana za wateja 870, madeni mengine 40, na mtaji wa wenye hisa 90.

Gawanya 90 kwa 1,000, unapata asilimia 9. Maana yake ni kwamba mali za benki zikipoteza asilimia 9 ya thamani, wenye hisa wamekwisha, na kila senti inayopotea baada ya hapo inatoka kwa wanaoidai benki. Huo ndio uwiano mwepesi kuliko yote, na kwa benki ndogo naupenda kuliko ule wa kitaalamu, kwa sababu ni vigumu kuuchezea.

Ule wa kitaalamu hauwezi kurukwa, kwani ndio unaotangazwa. Kwa kanuni za kimataifa za Basel, kila mali hupewa uzito kulingana na hatari yake. Mkopo wa biashara kwa kawaida huhesabiwa wote, asilimia 100. Mkopo wa nyumba ya kuishi huhesabiwa kwa uzito mdogo zaidi. Fedha taslimu ni sifuri, na hatifungani za serikali ya nchi husika kwa sarafu yake yenyewe mara nyingi nazo ni sifuri. Mtaji wa jumla unatakiwa usipungue asilimia 8 ya mali zilizopimwa hivyo, na ukijumlisha kinga ya ziada ya asilimia 2.5 unafika 10.5. Nchi nyingi huongeza juu ya hapo.

Benki yetu ikipimwa, mali zake zenye uzito zinakuwa 640. Mtaji nao unapunguzwa kidogo: ndani ya zile 50 za mengineyo kuna programu za kompyuta zenye thamani ya 6, na msimamizi wa benki, kwa kawaida benki kuu, huziondoa kwa sababu siku ya kufilisika hakuna atakayezinunua. Unabaki 84. Ukiugawa kwa 640 unapata asilimia 13 na ushee. Ni nambari nzuri. Itaandikwa kwa wino mzito kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti ya mwaka, chini ya picha ya mwenyekiti akitabasamu.

Sasa tuanze kuitilia shaka.

Mikopo isiyolipika

Katika maelezo ya nyuma ya taarifa ya fedha, pale kwenye maandishi madogo, inaonekana kwamba ile mikopo 650 ni baada ya kutoa 12. Hizo 12 ni fedha ambazo benki imeshazikata kwenye faida ili zisubiri hasara. Wahasibu wanaziita tengo la hasara ya mikopo. Kwa hiyo mikopo yenyewe ni 662. Mstari mwingine unasema mikopo chechefu ni 52.

Mkopo huhesabiwa chechefu rejesho likipitisha siku 90 bila kulipwa, au hata kabla ya hapo kama kuna dalili za wazi kwamba mdaiwa hawezi tena. 52 katika 662 ni asilimia 7.9. Wasimamizi wengi huanza kukunja uso ikipita 5, kwa hiyo hapa tayari kuna mazungumzo. Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni zile 12. Tengo linafunika chini ya robo ya mikopo chechefu. Benki inatuambia: tuna 52 iliyokwama, na tunaamini 40 kati yake itarudi.

Itarudi kwa njia gani? Jibu huwa ni dhamana. Kuna nyumba, viwanja, magari, mashine. Ni kweli zipo, na mthamini alizipa bei, lakini alizipa bei hiyo wakati mambo yalipokuwa mazuri. Benki ndogo ina tatizo ambalo kubwa haina: wadaiwa wake wote wanaishi sehemu moja. Kiwanda kikifungwa au msimu ukiharibika, wanashindwa kulipa kwa pamoja, na nyumba zao zinapelekwa mnadani kwa pamoja, kwenye mji ambao hakuna mwenye fedha ya kununua. Mnada wa haraka, ukijumlisha gharama za mahakama na miaka ya kusubiri, unaweza kurudisha nusu tu. Nusu ya 52 ni 26. Tengo likibeba 12, mtaji unabeba 14. Isiporudi hata senti, mtaji unabeba 40.

Uwiano wa mikopo chechefu una njia za kudanganya bila mtu yeyote kusema uongo. Moja ni ukuaji. Benki yenye mikopo 400, kati yake 30 ikiwa chechefu, iko kwenye asilimia 7.5. Ikimwaga mikopo mipya 200 ndani ya mwaka, inashuka hadi 5, na hakuna mdaiwa wa zamani aliyelipa chochote. Mikopo mipya karibu yote inaonekana mizima kwa sababu haijapata muda wa kuugua. Ndiyo maana benki ndogo inayokua kwa asilimia 30 au 40 kwa mwaka, wakati uchumi wa mahali pake unakua kwa asilimia chache tu, hunifanya niwe mwangalifu kuliko ile iliyodumaa. Wateja wazuri walikuwa wameshachukuliwa; hao wapya wametoka wapi?

Nyingine ni kumpangia mdaiwa upya. Ameshindwa kulipa, basi anaongezewa muda, au anapewa mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani, na kwenye karatasi anageuka kuwa mlipaji mwema. Wakati mwingine ni busara, kwa mfano mkulima aliyepatwa na ukame mmoja. Ikifanyika kwa robo ya wateja, ni kuficha. Tafuta mstari wa mikopo iliyopangwa upya na uulinganishe na wa mwaka uliopita. Angalia pia riba ambayo benki imejiandikia kama mapato lakini bado haijapokea. Ikiwa inakua haraka kuliko mikopo yenyewe, faida ile ni ya wino.

Tangu mwaka 2018, benki zinazofuata viwango vya kimataifa vya uhasibu hugawa mikopo katika madaraja matatu: mizima, iliyoanza kudhoofika, na iliyoharibika. Wengi hukimbilia daraja la tatu. Mimi huanza na la pili. Hapo ndipo mikopo husimama kabla ya kuanguka, na daraja hilo likivimba robo mbili mfululizo, unajua la tatu litakuwaje mwakani.

Hatifungani ambazo "hazina hatari"

Turudi kwenye zile 200 za serikali, zenye uzito wa sifuri. Sifuri hiyo ina maana moja tu: msimamizi haoni hatari ya serikali kutolipa. Haina maana kwamba bei ya hatifungani haiwezi kushuka. Ukinunua hatifungani ya miaka kumi inayolipa asilimia 4, kisha riba sokoni ikapanda hadi 8, hakuna atakayekupa bei uliyonunulia wakati anaweza kupata mpya inayolipa mara mbili.

Kanuni za uhasibu zinairuhusu benki iendelee kuiandika kwa gharama yake ya ununuzi, mradi imetamka kwamba itaishika hadi iive. Bei halisi ya soko hutajwa nyuma, kwenye maelezo. Kwa benki yetu ya mfano, maelezo yanasema 176. Kuna hasara ya 24 ambayo ipo lakini haijaingia kwenye mtaji.

Hiki ndicho kilichoiangusha Silicon Valley Bank ya Marekani mwezi Machi 2023. Haikuwa benki ndogo hata kidogo, kwani mwishoni mwa 2022 ilikuwa na mali za takriban dola bilioni 209, lakini somo lake linaingia kwenye benki ya ukubwa wowote. Ilikuwa imejaza hatifungani za muda mrefu zilizonunuliwa riba ikiwa chini. Riba ikapanda, wateja wakaanza kuchota, ikalazimika kuuza na kutangaza hasara ya dola bilioni 1.8. Siku iliyofuata tangazo hilo, Machi 9, wateja walitoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Kesho yake ilifungwa. Mikopo yake haikuwa imeoza. Karatasi zake zilikuwa za serikali na za taasisi zinazoungwa mkono na serikali, zote "salama".

Basi tuhesabu upya mtaji wa benki yetu. Tulikuwa na 84. Toa 24 za hatifungani, 60. Toa 14 za mikopo, ikiwa dhamana zitarudisha nusu: 46. Ikiwa hazitarudisha kitu: 20. (Nimeiacha kodi pembeni; ingepunguza makali kidogo.) Ile benki ya asilimia 13 kwenye ukurasa wa mbele, au 9 kwa ule uwiano mwepesi, ina mtaji ulio kati ya asilimia 2 na 4.6 ya mali zake. Bado haijafa, lakini si ile iliyokuwa kwenye picha.

Haki yake niitoe: hasara ya hatifungani si lazima itokee. Benki ikiweza kuzishika hadi ziive, serikali italipa zote 200. Itaweza iwapo wenye amana watatulia. Kwa hiyo mtaji na ukwasi (uwezo wa kupata fedha taslimu pale zinapodaiwa), ambavyo vitabu huviweka katika sura tofauti, siku ya shida vinakuwa kitu kimoja.

Wataalamu wana kipimo kimoja kinachokusanya sehemu kubwa ya haya kwa mpigo, kinachojulikana kama uwiano wa Texas, kwa sababu kilitokana na kuzichunguza benki za jimbo hilo la Marekani zilizoanguka miaka ya 1980. Unachukua mikopo chechefu, unajumlisha na nyumba na viwanja ambavyo benki imeshavitwaa kwa wadaiwa, kisha unagawa kwa mtaji unaoshikika (kwetu ni zile 84) ukijumlisha na tengo. Kwa benki yetu, tuseme mali zilizotwaliwa ni 8: 60 kwa 96, yaani asilimia 62 na nusu. Ikikaribia 100, historia inaonyesha kwamba nyingi hazikupona. Nambari moja pekee haitoshi lakini; kama mwaka jana ilikuwa 38, mwendo huo ndio unaotisha. Benki iliyokuwa 80 na sasa iko 62 naiamini zaidi, kwa sababu kuna mtu anayefanya kazi ya kukusanya madeni.

Fedha ni za nani, na zimekwenda kwa nani

Ugawe mkopo kwa amana: 650 kwa 870 ni asilimia 75 hivi. Hapo ni pazuri. Ikipita 90 benki imejibana, na ikipita 100 ina maana inakopa kwingine ili ikopeshe. Northern Rock ya Uingereza ilijenga biashara yake hivyo, ikitegemea fedha za muda mfupi za masoko badala ya amana za watu wa kawaida. Masoko yalipokauka mwaka 2007, foleni za wateja nje ya matawi yake zilionekana kwenye televisheni duniani kote.

Zaidi ya uwiano, jiulize amana ni za nani. Amana 870 za watu elfu ishirini ni mto wenye vijito vingi. Amana hizohizo zikiwa zimeegemea taasisi kumi, kwa mfano halmashauri, chuo na kampuni kadhaa, uamuzi wa mhasibu mmoja aliyekaa ofisini kwake asubuhi unaweza kuitikisa benki kufikia mchana. Pale Silicon Valley Bank, takriban asilimia 94 ya amana zilikuwa juu ya kiwango cha bima, mikononi mwa watu waliojuana na kupigiana simu.

Na riba. Benki ndogo inayolipa wenye amana riba ya juu kuliko wenzake wote inawapa watu zawadi kwa sababu gani? Mara chache ni ufanisi. Mara nyingi ni njaa ya fedha. Mwaka 1999 ilifungwa benki ya First National Bank of Keystone, kwenye mji mdogo wa machimbo ya makaa ya mawe huko West Virginia, Marekani. Benki ya mji wa watu mia chache ilikuwa imejitangazia mali za dola bilioni 1.1. Ilivuta amana kutoka mbali kwa riba nono, na ilikuwa ikisifiwa kwa faida ambayo benki za ukubwa wake hazikuiota. Wakaguzi wa serikali walikuwa wakizozana na uongozi kwa miaka. Hatimaye walifanya jambo la kawaida kabisa: badala ya kuangalia vitabu vya benki, waliziuliza moja kwa moja kampuni zilizokuwa zikiihudumia mikopo hiyo. Mikopo ya takriban dola milioni 515 haikuwa ya benki hiyo. Nyaraka kadhaa zilikuja kufukuliwa ardhini, kwenye shamba la mmoja wa maofisa wake wakuu.

Sehemu nyingine ya swali hili ni fedha zilikokwenda. Kati ya 2008 na 2012 benki 465 zilifungwa Marekani, nyingi zikiwa ndogo, na ugonjwa uliojirudia ulikuwa kurundika mikopo ya ardhi na ujenzi. Mwishoni mwa 2006 wasimamizi wa huko walikuwa wameshatoa mwongozo kwamba mikopo ya majengo ya biashara ikifika mara tatu ya mtaji, benki iangaliwe kwa jicho la pekee. Kipimo hicho cha kulinganisha rundo na mtaji, badala ya kulilinganisha na mikopo yote, ni kizuri kukiiga. Benki yetu ikiwa imekopesha 270 kwa wajenzi, hiyo ni asilimia 41 ya mikopo na haishtui. Iweke karibu na mtaji wa 90, utaona ni mara tatu.

Kisha mikopo ya watu wa ndani: wakurugenzi, ndugu zao, kampuni zao. Kuna ukurasa wake kwenye maelezo, na ni mfupi. Usiuruke. Kwenye benki ndogo, mjumbe wa bodi, mfanyabiashara mkubwa wa mji na mdaiwa mkubwa wa benki wanaweza kuwa mtu mmoja, na kamati ya mikopo inakaa mezani pake.

Nambari zina mwisho wake

Julai 2023 benki ya Heartland Tri-State, kwenye mji mdogo wa Elkhart jimboni Kansas, Marekani, ilifungwa ghafla. Ungeipima kwa yote niliyoeleza, ingefaulu: mtaji mzuri, mikopo inayolipwa, wateja wanaojulikana kwa majina. Kilichotokea ni kwamba mkurugenzi mtendaji wake alinaswa na matapeli wa sarafu za kidijitali, akahamisha takriban dola milioni 47 za benki, katika benki yenye mali za dola milioni 139 hivi. Wafanyakazi waliona miamala ikipita. Walimheshimu mno wasimzuie.

Hili halionekani kwenye uwiano wowote, ila dalili zake huonekana kwa anayetazama watu. Je, mtu mmoja ndiye mwenyekiti, mtendaji na mwenye hisa kubwa? Mkuu wa fedha ameondoka katikati ya mwaka bila maelezo, na wa kabla yake pia? Mkaguzi wa hesabu wa nje amebadilishwa, kisha akaja ambaye hakuna aliyewahi kumsikia? Soma barua ya mkaguzi iliyo mbele ya hesabu hata kama huelewi kitu kingine. Ikiwa ina aya inayozungumzia mashaka juu ya uwezo wa benki kuendelea na biashara, isome mara mbili. Wakaguzi huandika aya hiyo kwa mkono mzito, baada ya mabishano marefu.

Gawio nalo linasema. Benki iliyokaribia kiwango cha chini cha mtaji na bado inagawa faida kwa wenye hisa inapunguza kinga yako ili iwafurahishe wao.

Wasimamizi wenyewe wanazo alama zao. Mfumo wa CAMELS, uliobuniwa Marekani mwaka 1979 na kuigwa na benki kuu nyingi, hupima mtaji, ubora wa mali, uongozi, mapato, ukwasi na, tangu miaka ya 1990, jinsi benki inavyoathiriwa na mabadiliko ya soko. Alama ni 1 hadi 5, na 1 ndiyo bora. Kwa mwenye amana haina msaada wa moja kwa moja kwani ni siri. Benki hairuhusiwi kuitangaza, hata ikiwa nzuri. Kinachotangazwa hadharani katika nchi kadhaa ni amri ambazo msimamizi ameipa benki, kama vile kuongeza mtaji au kusimamisha aina fulani ya mikopo. Ni haki kumuuliza meneja kama ipo.

Bima inafunika nini

Uchambuzi wote huu unamhusu zaidi mwenye amana kubwa, mwenye hisa, na mhasibu wa chama au shule anayeweka fedha za wengine. Kwa mwenye akiba ya kawaida, jibu la kwanza ni bima ya amana: Marekani inafunika dola 250,000 kwa kila mtu kwa kila benki, Umoja wa Ulaya euro 100,000, na nchi nyingi nyingine zina kiwango chake. Angalia cha kwako, na uangalie kama benki yako ni mwanachama. Ukiwa na akaunti tatu kwa jina moja kwenye benki ileile, kwa kawaida zinajumlishwa, hazihesabiwi mara tatu. Hisa za benki hazimo. Mifuko ya uwekezaji hazimo hata kama uliuziwa kwenye dirisha lilelile, na mtu yuleyule aliyekufungulia akaunti.

Benki inapofungwa kwa utaratibu, kwa kawaida huwa Ijumaa jioni. Maofisa wanaingia saa za kufunga, wanabadilisha makufuli na nywila, na mwisho wa wiki nzima wanahesabu. Mara nyingi benki nyingine imeshakubali kuchukua amana na mikopo iliyo mizima, na Jumatatu mlango unafunguliwa ukiwa na jina jipya, wahudumu walewale na foleni ndefu kidogo. Aliye chini ya kiwango cha bima anakuta salio lake. Aliye juu ya kiwango, iwapo mnunuzi hakuzichukua amana zote, anapewa hati ya kuwa mdai kwenye ufilisi kwa kile kilichozidi, na atalipwa kidogo kidogo kadiri mfilisi anavyouza zile nyumba na viwanja vilivyokuwa dhamana, kwa bei itakayopatikana.